Gorogoro na Alama Nyekundu

Mpwa wangu yuko Gredi ya 4 hapa Kisumu. Wiki chache zilizopita alirudi nyumbani na daftari la hisabati lenye alama nyekundu ya kukosa. Swali lilikuwa jepesi: taja kipimo kinachotumiwa kupima mahindi. Akajibu kile anachokiona kila wiki, gorogoro, ule mkebe wa kupimia nafaka sokoni. Kalamu nyekundu ikapita juu ya neno hilo, na pembeni pakaandikwa "kilo".

Alinisubiri niingie, nivue viatu, nikae. Ndipo akauliza. "Mjomba, mama akinituma sokoni Kibuye, huwa ananiambia nilete kilo ngapi?"

Dadangu alikuwa akikata sukuma wiki. Akacheka. Mimi sikuweza kucheka, maana mtoto alikuwa ameuliza jambo ambalo sisi watu wazima tumelipita miaka mingi bila kugeuka. Katika nyumba ile mahindi na maharagwe ni gorogoro. Mkaa ni debe. Mafuta ya kupikia ni ya kupima. Nyanya ni fungu, maziwa ni kikombe, na ile ploti ambayo dadangu anaiwekea akiba ni futi 50 kwa 100. Kilo inaonekana kwa muuza nyama na kwenye pakiti ya unga, basi. Mtoto alikuwa amejibu kweli, na shule ikamwambia kwamba kweli yake haina nafasi kwenye daftari.

Sina ugomvi na kilo. Ninachosema ni kwamba gorogoro inastahili kuwekwa mezani darasani, ubavuni mwa mizani, mtoto ajifunze kutoka kwenye moja hadi nyingine na kurudi. Asiyejua njia hiyo ndiye anayepunjwa. Na wanaopunjwa, mara nyingi, ni wazazi wa watoto hawa hawa.

Jumapili iliyofuata nilimchukua tukaenda naye Kibuye. Anayeijua Kisumu anajua Kibuye ya Jumapili ilivyo: nguo za mitumba upande huu, vitanda na makabati upande ule, na katikati akina mama wa nafaka wamekaa nyuma ya magunia yaliyokunjwa midomo. Tulisimama kwa mama mmoja aliyekuwa na maharagwe ya nyayo, yale mekundu makubwa. Mkebe wake ulikuwa umechomekwa ndani ya gunia kama jembe lililoachwa shambani.

"Kastoma, karibu. Ngapi?"

Nikasema moja. Akazamisha mkebe, akauinua umejaa, kisha kwa mkono wa kushoto akachota konzi moja na kuimwaga juu taratibu, kikajengeka kichuguu. Punje za mwisho zilianza kuporomoka kurudi guniani. Hapo akasimama, akanitazama machoni ili nishuhudie, halafu ndipo akamimina kwenye mfuko wangu. Hakuna aliyesema neno, lakini kipimo kilikuwa kimekubaliwa na pande zote mbili.

Mpwa wangu akamuuliza, kwa adabu, gunia moja la mahindi hutoa gorogoro ngapi. Mama yule akafikiri kidogo.

"Inategemea nani anapima, mtoto wangu."

Sijasikia maelezo bora zaidi ya somo zima la vipimo. Hesabu inayotembea sokoni ni kwamba gunia la kilo 90 hutoa gorogoro kati ya 40 na 45. Gawanya mwenyewe. Zikiwa 40, kila moja ina kilo 2 na robo. Zikiwa 45, kila moja ina kilo 2 kamili. Hiyo robo kilo ndiyo kile kichuguu cha juu. Sasa tuseme mchuuzi anakwenda kwa mkulima wa Bungoma au Kitale na mkebe wake mwenyewe. Anapima kwa kujaza kilele mpaka punje zinadondoka, analipia gorogoro 40 na kupakia gunia. Akifika mjini anauza gunia lile lile kwa kusawazisha mdomo wa mkebe kwa kiganja. Anapata gorogoro 45. Bei haijapanda hata shilingi, lakini gorogoro 5 zimezaliwa barabarani. Ni kilo 10 za mahindi ambazo mkulima alizipalilia, akazivuna, akazipukuchua, na hakulipwa.

Hapo bado sijautaja mkebe uliobondwa kitako ukabonyea kwa ndani, ambao kila mnunuzi wa mji huu ameshakutana nao. Ukiutazama kwa juu ni gorogoro kama nyingine. Ukiugeuza ndipo unaona. Wateja wazoefu huugeuza kabla ya kununua, na muuzaji mwaminifu hakasiriki.

Kinachoniuma ni kwamba Kiswahili kilikuwa na maneno ya jambo hili tangu zamani, na shule haiyatumii. Watu wa pwani walipima nafaka kwa kibaba, kisaga na pishi: vibaba 2 ni kisaga, visaga 2 ni pishi. Kila mtoto wa Kenya ameimba "haba na haba hujaza kibaba" na kuiandika kwenye insha mara kumi. Ni wangapi wameelezwa kwamba kibaba ni chombo cha kupimia? Zaidi ya hapo, wapimaji wa zamani walitofautisha kibaba cha mfuto, kilichosawazishwa mdomoni, na kibaba cha tele, kilichofurika. Kwa maneno hayo mawili mkulima wa Bungoma angeweza kufunga biashara yake vizuri: nakuuzia kwa mfuto, ukitaka tele ongeza pesa. Leo analazimika kueleza kwa mikono, na mwenye mkebe hujifanya hajaelewa.

Pishi haijafa, hata huku bara. Nenda mtaa wa Kaloleni siku za mwisho za Ramadhani, Waislamu wanapotoa zaka ya fitri. Kiwango chake ni pishi moja ya chakula kwa kila mtu wa nyumba, nayo ni vibaba 4, na kibaba asili yake ni ujazo wa viganja viwili vya mtu wa kawaida vilivyokusanywa pamoja. Siku hizi wengi hupima kwa kilo, lakini wanaopima wanajua wametoka wapi na wamefika wapi. Wamefanya ubadilishaji wa vipimo, wakiwa na sababu ya kuufanya sawasawa, kwa kuwa upande wa pili yuko maskini anayesubiri kula. Ningependa kuona somo la hisabati lenye uzito huo.

Kuna watakaosema gorogoro si ya asili, ni mkebe tu wa kiwanda. Kweli, ni mkebe wa mafuta ya kupikia wa kilo 2 uliobaki nyumbani baada ya mafuta kwisha. Na debe ni mkebe wa mafuta ya taa wa galoni 4, karibu lita 18, na neno lenyewe limetoka Bara Hindi kama lilivyotoka neno duka. Reli ilifika ufukweni hapa Kisumu Desemba 1901, nyuma yake wakaja wenye maduka, na nyuma ya maduka mikebe mitupu. Bibi zetu waliokuwa wakipima mtama kwa vibuyu na vikapu waliutazama mkebe, wakaona hauvunjiki, haupanuki, na kila nyumba inao wa kufanana. Wakauchukua. Hivyo ndivyo watu wenye akili hutengeneza kipimo popote duniani: hutwaa kitu ambacho kila mtu anacho na hakuna anayeweza kukibadilisha kwa siri. Uasili wake uko hapo, katika makubaliano ya watu wanaokitumia. Hata kibuyu nacho kilipata heshima yake kwa njia hiyo hiyo.

Kilo nayo ilizaliwa vivyo hivyo, tena katika malalamiko kama ya mkulima wetu. Mwaka 1789 wakulima wa Ufaransa walipoulizwa kero zao kabla ya mapinduzi, vijiji vingi viliandika kuhusu vipimo: bwana mwenye ardhi ana chombo chake cha kupimia nafaka, na kila mwaka kinakua. Kodi ilikuwa ile ile kwa idadi, lakini chombo kimepanuka. Meta na kilo zilitoka huko. Sheria yake ikapitishwa mwaka 1795. Tangu 1889 kilo ya dunia nzima ikawa kipande cha madini ya platini na iridi, kimefungiwa chini ya kufuli huko Sèvres karibu na Paris, na ilikaa hivyo miaka 130, hadi Mei 2019 wanasayansi walipoifungamanisha na hesabu za fizikia. Kwa hiyo hata kilo ilikuwa na mkebe wake. Tofauti na gorogoro ya Kibuye ni kwamba mkebe ule ulilindwa, ukanakiliwa, na yeyote aliyetilia shaka angeweza kulinganisha nakala yake nao.

Huku kwetu mwenye nguvu bado anapanua chombo. Panda gari uende Molo au Kuresoi katika kaunti ya Nakuru wakati wa viazi. Gunia linajazwa hadi mdomoni, halafu linashonewa kofia ya wavu juu yake, na kofia nayo inajazwa. Hiyo ndiyo lumbesa. Mkulima analipwa kwa gunia, na ukubwa wa gunia anauamua mnunuzi aliyekuja na lori. Kanuni za viazi za mwaka 2019, zilizowekwa chini ya Sheria ya Mazao ya mwaka 2013, zinasema mfuko usizidi kilo 50. Kanuni ni nzuri. Lakini mkulima aliyesimama kando ya barabara ya matope saa 11 alfajiri, viazi vimeshachimbwa na vinaanza kugeuka rangi ya kijani kwa mwanga, hana mizani. Mwenye lori ndiye anayesema "jaza". Tunaambiwa tatizo ni ukaidi wa wachuuzi. Nami nasema tatizo kubwa zaidi ni kwamba shambani hakuna chombo ambacho mkulima anaweza kukinyooshea kidole na kusema: hiki hapa, kimejaa, lipa.

Debe lingeweza kuwa chombo hicho. Mkulima akijua debe lake la viazi lina kilo ngapi, kwa kulipima mara moja tu kwa mizani ya jirani au ya kanisa, atajua madebe mangapi yanatimiza kilo 50, na hatahitaji mizani tena msimu mzima. Hesabu hiyo ni ya Gredi ya 4. Mtoto wake anaiweza, kama hajaambiwa kwamba debe si kipimo.

Turudi sokoni, kwa sababu kuna jambo lingine ambalo mpwa wangu aliligundua kabla yangu. Tulitoka kwa mama wa maharagwe tukaenda kwa muuza omena, wale dagaa wa ziwani. Gorogoro ile ile, kilele kile kile. Akaubeba mfuko wa omena mkono mmoja na wa maharagwe mkono wa pili, akasimama katikati ya njia watu wakimpita. "Mjomba, hii ni nyepesi. Sasa zote mbili ni kilo 2?"

Mkebe hupima ujazo na mizani hupima uzito. Omena iliyokaushwa ina hewa nyingi katikati yake. Maharagwe yanalala yakibanana. Anayesema gorogoro ni kilo 2 amesema kweli kuhusu mahindi na amekosea kuhusu omena. Vitabu vya shule hufundisha ujazo katika sura moja na uzito katika sura nyingine, mara nyingi muhula mwingine, na mtoto hapati siku ya kuona kwamba vitu hivi viwili vinakutana mkononi mwake. Pale Kibuye vilikutana kwa dakika moja, bila chaki.

Na nyanya? Hapo hesabu inageuka kabisa. Kwenye gorogoro kipimo husimama na bei hutembea: wiki hii shilingi kadhaa, wiki ijayo zaidi. Kwenye fungu bei husimama na kipimo ndicho kinachotembea. Fungu la shilingi 20 linabaki la shilingi 20, ila nyanya zilizokuwa 5 zinakuwa 4, kisha 3, na siku moja unakuta 2 zimeegemeana. Dadangu hasomi ripoti za mfumuko wa bei. Anahesabu nyanya. Mchumi yeyote anayetaka kujua maisha yanavyopanda katika mitaa ya Nyalenda au Manyatta angefanya vyema kuhesabu nyanya pia. Fungu limeundwa kwa ajili ya mtu mwenye sarafu moja mfukoni, na yule mama anayelipanga juu ya gunia anafanya hesabu ngumu ya uwiano kila asubuhi: amenunua kreti kwa bei gani, nyanya ngapi zimepondeka njiani, apange ngapi kwa fungu ili arudishe mtaji na apate nauli. Anaifanya kichwani, huku akifukuza nzi.

Sasa shule. Lazima niwe mkweli: mtaala wa umilisi ulioanza kutekelezwa katika madarasa ya mwanzo mwaka 2019 haukuusahau mwili wa mtoto. Katika madarasa ya chini watoto hupima meza kwa viganja na chumba kwa hatua. Ni mwanzo mzuri. Shida ni kwamba jambo hilo hufanywa kama mchezo wa kitoto, ngazi ya kupandia kwenda kwa sentimita, na ukishapanda ngazi inatupwa. Wala hakuna anayewaambia watoto kwamba walichokifanya kina majina. Kutoka ncha ya kidole gumba hadi ya kidole kidogo, mkono ukitanuliwa, ni shubiri. Shubiri 2 ni mkono au dhiraa, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Mikono 4 ni pima, mtu akitanua mikono yote miwili kama anayetaka kukumbatia mti. Pima ndiyo mabaharia waliyotumia kupimia kina cha maji, na ukienda Dunga, ufukweni mwa ziwa, utaona mvuvi akipima kamba ya wavu kwa kutanua mikono kifuani, akihesabu kwa Dholuo, bila kutazama. Jina hatumii hilo, kazi ni hiyo hiyo.

Nilimfundisha mpwa wangu pima jioni ile. Akalala sakafuni sebuleni, mdogo wake akatanua mikono kando yake. Halafu wakabadilishana. Halafu wakanilazimisha nilale mimi, nami na umri huu. Waligundua wenyewe kwamba pima ya mtu inakaribiana sana na urefu wake mwenyewe, na kwamba pima ya mdogo haimtoshi mkubwa. Swali lililofuata lilitoka kwa yule mdogo wa miaka sita: "Kwa hiyo tukinunua kamba, tumtume mjomba?" Ndiyo. Ndiyo sababu hasa ya kuwepo kwa meta. Ameifikia bila mtu kumhubiria.

Sisi tuliosoma mfumo uliopita tulifundishwa kinyume. Nakumbuka tulivyokariri akisami kwenye Kiswahili: nusu, thuluthi, robo, humusi, sudusi, subui, thumni, tusui, ushuri. Tulizikariri kwa ajili ya KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, uliofanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, na niliweza kuzitaja zote kwa pumzi moja. Sikumbuki hata siku moja tulipogawa kitu. Hatukukata mkate katika subui wala kugawa debe la maji katika humusi. Na dukani, mtu akitaka sehemu moja ya nane ya kilo ya sukari, hasemi thumni. Anasema nusu robo, na mwenye duka anampimia mara moja. Nusu ya robo: ni kuzidisha kwa sehemu, hesabu ambayo darasani huwatoa watoto jasho, na mtoto wa miaka saba anayetumwa dukani anaitamka barabarani akiruka madimbwi. Mwalimu anayejua hivyo ana mlango wazi. Asiyejua atagonga ukuta muhula mzima.

Kuna mahali ambapo sitatetea kipimo cha nyumbani. Dawa ya mtoto ni mojawapo. Kijiko cha chai cha hospitali ni mililita 5. Kijiko cha nyumbani kinaweza kuwa chochote, na mama anayemnywesha mtoto dawa ya kikohozi kwa kijiko cha jikoni anabahatisha. Hapo tumia kile kikombe kidogo kinachokuja na chupa. Lakini hata huko hekima ya wapimaji wa zamani inahitajika. Mchanganyiko wa maji, chumvi na sukari wa kumpa mtoto anayeharisha, pale ambapo pakiti za zahanati hazipo, ni lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi. Vijiko hivyo ni vya kusawazishwa. Chumvi ikizidi, mchanganyiko unamdhuru mtoto. Pande hizi kipindupindu tunakijua, na nimeona mabango mazuri ya afya yenye picha ya kijiko kilichojaa kilele. Laiti neno mfuto lingekuwa linajulikana na kila mama, bango lingehitaji neno moja tu: vijiko 6 vya mfuto.

Mashambani wataalamu wenyewe walikwisha kusalimu amri. Afisa wa kilimo anayemfundisha mkulima kuweka mbolea ya kupandia hamwambii gramu. Anamwambia kifuniko kimoja cha soda kwa kila shimo, kwa kuwa kila boma lina vifuniko vya soda na hakuna anayekwenda shambani na mizani. Nafasi ya sentimita 75 kati ya mistari ya mahindi hupimwa kwa kijiti kilichokatwa mara moja, na nafasi kati ya mashimo kwa kamba yenye mafundo. Mtaalamu alikaa, akapima kifuniko, akapima kijiti, akakubaliana na mkulima. Kipimo cha maabara na kipimo cha boma vikashikana mikono, na mahindi yakaota. Ninachokiomba darasani ni hicho tu, na hakina gharama.

Hata saa yetu inasema jambo hilo. Tunaishi karibu na mstari wa Ikweta. Ukipita Maseno unauvuka. Hapa mchana na usiku havizidiani sana mwaka mzima, kwa hiyo kuhesabu saa kuanzia jua linapochomoza ni hesabu yenye akili kabisa: saa 1 asubuhi, saa 1 jioni. Watoto wetu husoma saa ya mshale kwa namna moja na kuitamka kwa namna nyingine, wakijumlisha au kutoa 6 kila wanapoulizwa muda. Wanafanya hivyo tangu chekechea. Sijaona kitabu cha hisabati kinachowapongeza kwa hilo.

Najua walimu wana madarasa ya watoto 70 na vitabu havitoshi. Sikuandika haya kumlaumu mwalimu wa mpwa wangu. Naye alifundishwa kwa kalamu nyekundu hiyo hiyo, na mwongozo uliokuwa mbele yake ulisema kilo. Lakini vifaa ninavyovitaja viko jikoni kwa kila mwanafunzi. Mkebe mmoja, mizani moja ya kuazima, mahindi, maharagwe, omena, maji. Pima kwa mfuto, pima kwa tele, andika tofauti. Pigeni hesabu ya gunia. Ulizaneni nani anapata zile gorogoro 5. Kufikia hapo ni hisabati, ni biashara, na ni uraia, kwa kipindi kimoja.

Serikali za kaunti nazo zina sehemu yao, kwa sababu masoko na biashara ya haki viko chini yao tangu Katiba ya 2010. Sheria ya vipimo inataka mizani ya biashara ikaguliwe na kupigwa muhuri. Basi mkebe nao upigwe muhuri. Pale mlangoni Kibuye pawe na gorogoro moja ya chuma, imefungwa kwa mnyororo ukutani, na mstari umechorwa ndani, na mizani ya umma kando yake. Mwenye shaka apeleke mfuko wake akalinganishe. Wauzaji waaminifu, ambao ndio wengi, watakuwa wa kwanza kufurahi, kwa sababu mwenye mkebe uliobondwa anawaibia wao pia: anauza kwa bei ya chini, na wao wanaonekana ghali.

Tulipofika nyumbani Jumapili ile tuliazima mizani kwa mwenye duka la jirani. Mpwa wangu alipima kila kitu, mara tatu. Mahindi ya mfuto, mahindi ya tele, maharagwe, omena, ambayo haikufika hata kilo moja. Aliyaandika kwenye ukurasa mpya wa daftari lile lile, mistari miwili miwili, akachora na mkebe. Dadangu alisimama mlangoni akifuta mikono kwa leso. Alipoona namba za maharagwe alinyamaza, halafu akasema yule mama wa Kibuye amekuwa akimpa zaidi miaka yote hii na yeye hakujua ni kiasi gani. Mizani ya duka haiongezi, akasema. Sikuwa na jibu la hilo, na bado ninalifikiria.

Asubuhi ya Jumatatu mtoto aliomba kwenda na mkebe shuleni amwonyeshe mwalimu. Ulikuwa ndio mkebe pekee wa nyumba, wa kuwekea unga. Dadangu aliumimina unga kwenye sufuria, akaufuta mkebe ndani na nje, akamtilia kwenye mfuko wa kitambaa pamoja na daftari. "Na usiurudishe umebonyea," akamwambia.